Big Ten wanawake 2025: nani ana kikosi cha kufika Desemba?

Wavu_Kasarani

Wakuu, voliboli ya wanawake vyuoni Marekani inaanza mwezi huu wa Agosti 2025. Mwaka jana, 2024, Nebraska na Penn State waligawana taji la Big Ten, konferensi (yaani ligi ya vyuo), kila mmoja akishinda 19 na kufungwa 1. Baadaye Penn State wakatoka nyuma seti 0-2 wakawang'oa Nebraska nusu fainali ya NCAA, mashindano ya taifa ya vyuo yanayoamuliwa Desemba, kisha wakawafunga Louisville 3-1 na kubeba ubingwa wao wa 8. Pamoja na hayo, makocha wanawataja Nebraska kwanza.

Mnapopima kikosi kabla ya mechi ya kwanza mnaangalia nini hasa? Na mbona sheria zao hazifanani na hizi tunazoziona Malkia Strikers, timu ya taifa ya Kenya, wakicheza? Wanabadilisha wachezaji kila dakika.

seta_mkono_laini

Mkuu, anza na seta (anayewapangia wapigaji mipira) na wanaopokea servisi. Wapigaji waje baadaye. Wengi hujumlisha smashi za pointi zilizobaki kikosini wakadhani wamemaliza kazi, na hapo ndipo utabiri unapoharibika.

Nebraska wamebaki na seta Bergen Reilly, wachezaji wa kati wote wawili, Andi Jackson na Rebekah Allick, na Harper Murray kushoto. Seta na watu wake wa kati wanapoingia mwaka wa tatu pamoja, mpira wa haraka unapigwa bila kuulizana. Kulia ameondoka Merritt Beason, na ameletwa Virginia Adriano kutoka Italia. Hilo halinisumbui. Kinachonisumbua ni kuondoka kwa Lexi Rodriguez, libero (mlinzi wa nyuma asiyeshambulia) aliyeanza misimu minne mfululizo. Laney Choboy na Olivia Mauch wanajua kulinda nyuma, ila kubeba mapokezi ya timu nzima ni mzigo mwingine. Tangu 2024 NCAA inaruhusu kuandikisha libero wawili, mradi uwanjani awe mmoja. Kwa hiyo kocha mpya Dani Busboom Kelly, aliyechukua nafasi ya John Cook, halazimiki kuchagua: mmoja anaweza kupokea, mwingine akaingia timu yake inapopiga servisi.

Pima mapokezi mwenyewe ukiwa mbele ya runinga. 3 ni mpira unaomruhusu seta kumlisha yeyote, 2 ana chaguo mbili, 1 anarusha mpira wa juu pembeni tu, 0 ni pointi ya mpinzani. Servisi 20 zikigawanyika 8, 6, 4 na 2 kwa mpangilio huo, unapata 24 + 12 + 4 = 40, wastani 2.0. Hapo timu inapumua tu. Ikifika 2.3 bloku ya wapinzani inaanza kuchelewa. Ikishuka 1.8, Jackson anaweza kupita seti nzima akipata mipira mitatu, na watu watasema amecheza vibaya ilhali mpira haukumfikia.

Penn State vilevile. Jess Mruzik, aliyeondoka, alikuwa mpigaji mkuu na mpokeaji kwa wakati mmoja. Kennedy Martin aliyetoka Florida atafidia smashi. Lakini je, nani anasimama kwenye mstari wa kupokea pamoja na Gillian Grimes? Wasipopata jibu, seta Izzy Starck atatumia msimu mzima akikimbiza mipira.

Ratiba_Kwanza

Naongeza ratiba, maana huwa inasahaulika. Big Ten ina timu 18 tangu UCLA, USC, Oregon na Washington waingie 2024. Mechi za konferensi ni 20. Una wapinzani 17: 14 unakutana nao mara moja, watatu mara mbili. Kabla hujasema timu fulani itamaliza ya nne, tafuta hao watatu ni akina nani. Timu moja inaweza kupewa vigogo wawili mara mbili, nyingine ikapewa timu za mkiani, na jedwali la mwisho halitakuonyesha tofauti hiyo. Kisha angalia zile mechi za mara moja: ngumu ziko nyumbani au ugenini?

Safari nayo ina uzito. Kutoka Seattle hadi New Jersey kwa Rutgers unavuka saa tatu za tofauti. Timu inayocheza Ijumaa upande mmoja na Jumapili mji mwingine, miguu huanza kuonekana seti ya nne: wanaruka kwa kuchelewa, na bloku inagusa mpira badala ya kuuzima.

Mechi za Agosti na Septemba dhidi ya timu za nje ya konferensi msizidharau. Katika hesabu ya msingi ya RPI, kipimo kinachotumika kupanga timu kwa mashindano ya NCAA, ushindi wako ni asilimia 25 tu, ushindi wa wapinzani wako ni 50, na wa wapinzani wa wapinzani wako 25. Ukijaza ratiba timu dhaifu unaweza kushinda 10 bila kufungwa na bado ukaingia Desemba bila uwanja wa nyumbani. Timu 16 za juu ndizo huandaa raundi mbili za kwanza, na nne za juu kabisa huandaa fainali za kanda.

Libero_Mombasa

Kuhusu sheria: Malkia Strikers wanafuata FIVB, shirikisho la voliboli la dunia, mabadiliko 6 ya wachezaji kwa seti. NCAA ni 15, na libero anaruhusiwa kupiga servisi katika nafasi moja ya mzunguko (wachezaji huhama nafasi moja kila timu inapojipatia servisi). Tena tangu 2024 seta akiugusa mpira mara mbili kwenye mguso wa pili hapulizwi filimbi, mradi mpira ubaki upande wake.

Hayo 15 ndiyo yanayoruhusu timu kutumia seta wawili, kila mmoja akiwa nyuma tu, ili mbele kuwe na wapigaji watatu daima. Lakini piga hesabu. Kila nusu mzunguko unatoa seta na mpigaji, mabadiliko 2; mzunguko mzima 4. Ukiongeza mlinzi wa nyuma anayeingia badala ya mpigaji wa kushoto, unafika 6. Kumi na tano zinakwisha kwenye mzunguko wa pili na nusu. Seti ikiisha 25-19 hutaona tatizo. Ikifika 26-26, seta mfupi anakwama mbele kwenye wavu, na kocha wa upande wa pili anaelekeza kila smashi juu ya mikono yake.

Wavu_Kasarani

Asanteni sana wakuu. Wisconsin na Purdue je?

seta_mkono_laini

Wisconsin wamepoteza Sarah Franklin na Anna Smrek, wakamchukua Mimi Colyer kutoka Oregon, yaani wamejiimarisha na kumpunguza mpinzani wa konferensi hiyohiyo. Seta Charlie Fuerbringer yupo, Carter Booth yupo kati. Nawaweka tatu bora. Colyer atapewa mipira mingi mno, kwa hiyo msimhukumu kwa jumla ya smashi. Toa makosa, gawanya kwa majaribio: 18 za pointi, makosa 5, majaribio 40, ni 13/40, yaani .325. Kwa mpigaji wa kushoto, .250 tayari ni kazi nzuri. Mchezaji wa kati mdai .350.

Purdue wana kibarua kigumu. Eva Hudson ameenda Kentucky, Chloe Chicoine ameenda Louisville, wapigaji wawili wa pembeni kwa mpigo.

Libero_Mombasa

Nebraska wanafungua tarehe 22 Agosti mjini Lincoln dhidi ya Pittsburgh, siku mbili baadaye Stanford. Chukueni kalamu: hesabuni servisi za Pittsburgh zinazomwelekea Murray na zinazomwelekea libero. Wakimkwepa libero, ujue wameshamheshimu.