Kompyuta za kituo chetu: kioo cha ubavuni kibaki, cha mbele mimi napinga

Fundi, Ngamiani

Wagosi na akina mama, asalaam aleikum. Naleta hili hapa maana kwenye kikao cha jana tuligawanyika nusu kwa nusu, watu wakaondoka wamenuna, na hela ni michango yetu sote. Kwa ambao hamkuwepo, kituo chetu cha vijana hapa Tanga kinanunua kompyuta 4 za kufundishia watoto kuhariri video na picha, muuzaji kaleta sampuli moja, kesi ndogo (ile wengi wetu tunaita sipiyu) nyeupe, kioo ubavuni na kioo mbele, ndani madabodi (ule ubao mkuu unaoshikilia vipande vyote) ile ndogo ya sentimita 17 kwa 17. Nusu wakasema ndiyo hiyohiyo, nusu wakasema huo ni urembo, tuchukue za bati tupu. Mimi nimekaa nayo kibandani siku mbili nimeifungua na kuifunga mpaka nimeizoea, na nasema kioo cha ubavuni kibaki, cha mbele kitoke.

Nianze na uzuri maana ni nzuri kweli. Nyeupe yake haing'ai, imetulia, na kioo kimekaa sawasawa na bati, ukipitisha ukucha kwenye maungio hausikii ngazi. Skrubu huzioni, kioo kinabana kwa vishikizo, unakivuta kwa juu kinatoka. Aliyeichora alikaa chini akafikiri. Ila tundu za flashi kaziweka juu ya paa zinaangalia mbinguni, vumbi likidondoka linadondokea humo, na miguu yake mifupi mno, kidole changu cha mwisho hakipiti chini, wakati matundu ya kuvuta hewa mengine yako hukohuko chini.

Sasa huo uso wa mbele. Nilichukua chetezo nyumbani, kaa moja na ubani kidogo, nikaiwasha kompyuta nikaweka chetezo mbele ya kioo. Moshi ukaja ukagonga kioo ukapanda juu kama unapanda ukuta wa nyumba, kauzi kembamba tu ndiko kakajipenyeza kwenye ufa wa pembeni, upana wake kama penseli. Nikachomoa kioo cha mbele. Palepale moshi wote ukalala ukanyooka ukaingia ndani kama kuna mtu anauvuta kwa mdomo. Nimerudia mara tatu, na mara ya tatu kijana wa duka la jirani aliona. Haya, hiyo ni kibandani jioni, sasa fikirieni mwezi wa pili kaskazi inavuma, chumba cha kituo kina feni moja ya dari na watoto ishirini, halafu kompyuta inahariri video. Feni za ndani zitapiga kelele kutwa nzima kwa kunyonya hewa kwenye ufa wa penseli.

Semeni jamani, mnaonaje?

Mwalimu, Makorora

Shikamoo fundi. Mimi kikaoni nilikuwa upande wa kioo na bado nipo, na sio kwa ajili ya urembo. Nafundisha kompyuta mwaka wa sita sasa. Mtoto ukimwambia achore kompyuta anachora skrini, anachora kiboksi pembeni anaandika CPU ndani ya kiboksi, basi, kamaliza. Kile kiboksi kwake ni fumbo, na huwezi kulaumu maana hajawahi kuona ndani, kufungua haruhusiwi. Kwenye kioo ataona feni inazunguka, ataona kadi ya grafiki inayotengeneza picha za skrini, ataona rami, yaani kumbukumbu ya muda, zimesimama kama vitabu kwenye rafu, ataniuliza mwenyewe hiki nini. Hilo kwangu linatosha kukilipia kioo.

Mzee wa Raskazone

Wanangu, msimamo wangu mnaujua. Kwanza hiki ni chombo cha umma, kikiwa cha kioo kila apitaye dirishani anaona ndani mna nini, tunamwekea mwizi mali kwenye sinia. Pili, nimesikia hizi ndogo za kioo zimeshawahi kuwaka moto huko Marekani mpaka zikarudishwa. Tatu, kioo na watoto wapi na wapi? Bati limewafaa wenzetu wote, sisi tuna nini?

Kijana wa Chumbageni

Fundi kwa heshima zote nakupinga kidogo. Kioo cha mbele sio kosa lenyewe. Kampuni ya Lian Li ya Taiwan walitoa kesi ya O11 Dynamic mwaka 2018, mbele kioo, ubavuni kioo, kona nzima unaona ndani, na watu wanaweka humo mashine nzito za gemu na haizidiwi. Ukiniuliza, sura ile ndiyo iliyowafanya vijana wengi wapende kujenga kompyuta wenyewe. Ukitoa kioo cha mbele umeua sura yote, inabaki sanduku.

Fundi, Ngamiani

Marahaba mwalimu. Hoja yako naichukua nzima nzima na nitaongeza yangu juu yake.

Kijana wa Chumbageni, umesema kweli, lakini malizia. O11 mbele imeziba kwa sababu hewa inaingilia chini na ubavu wa pili, kule kuna nafasi za feni tatu tatu, na ni pana, madabodi upande huu, pawa saplai (kile kiboksi cha kugawa umeme) na waya chumba cha nyuma. Mchoraji alijua anaziba wapi akafungua wapi. Hii yetu ni nyembamba, ubavu wa pili ni bati lisilo na tundu hata moja, chini ndio miguu hiyo niliyowaambia. Imeazima uso wa mwenzake bila kuazima mapafu.

Na hata wakubwa limewakuta la sura kutangulia. Apple mwaka 2000 walitoa Power Mac G4 Cube, mchemraba mdogo umening'inia ndani ya plastiki angavu, haina feni kabisa, hewa moto inapanda yenyewe inatokea juu. Nzuri mpaka makumbusho ya sanaa ya MoMA ya New York wameiweka. Lakini bei ilikuwa kubwa, watu wakaona mistari kama nyufa kwenye ile plastiki wakalalamika, na Julai 2001 wakaisimamisha, hata mwaka haujatimia sawasawa.

Mzee wangu shikamoo, la moto ni kweli na sikufichi. Ilikuwa kesi ya kampuni ya NZXT iitwayo H1, ndogo ya kusimama, kioo mbele, na mwaka 2021 Marekani peke yake zilirudishwa kama 32,000. Ila kisa hakikuwa kioo. Skrubu mbili zilizoshikilia kile kipande cha kuunganishia kadi ya grafiki zilikuwa zinaweza kugusa njia ya umeme, shoti. Hata ingekuwa ya bati ingewaka vilevile.

La kioo na watoto hapo uko sahihi na mimi nina ushahidi wa mikono yangu. Mwaka juzi nilitoa kioo cha mteja nikakisimamisha chini kwenye marumaru za sakafu, zile taili, wala sikukidondosha, kona tu iligusa, kikalipuka kote mara moja kikawa chembechembe kama chumvi ya mawe, nikafagia mpaka magharibi na kioo nikamlipa mwenyewe. Ni kioo kile cha ubavuni mwa gari, usoni unaweza kukigonga kisifanye kitu, ila ukingo wake ukigusana na taili, ambayo ni ngumu kuliko chenyewe, kinaachia. Kwa hiyo kinatolewa juu ya meza yenye kanga au gunia, na mtu mzima, maana hiki chetu cha sentimita 35 kwa 30 na unene wa milimita 4 ni kama kilo moja na zaidi kidogo, mtoto kitamponyoka.

Lakini mzee, bati nalo linaficha. Kuna ofisi waliniita kompyuta inajizima, ya bati, haijafunguliwa miaka mitatu. Nimetoa ubavu nikakuta vumbi limelala kwenye feni kama sufi ya mto, na juu ya pawa saplai mayai mawili ya mjusi kafiri yamegandishwa vizuri kabisa, na matundu ya nyuma yameshika kutu kwa upepo wa bahari. Waliokuwa wanakaa pembeni ya ile kompyuta kila siku ni watu wasafi, sakafu yao inapigwa deki asubuhi na jioni. Hawakujua tu. Ingekuwa ubavu wa kioo wangeona wiki ya pili wakaniita na blowa. Hiyo ndiyo sababu yangu ya kutaka kioo kibaki, mji wetu huu wa bahari unakula vyuma kimyakimya.

Mwalimu, Makorora

Sasa fundi, cha mbele kikitoka pale mbele patabaki wazi au? Vidole vya watoto na feni inazunguka?

Fundi, Ngamiani

Swali zuri. Nimepima, kile kioo cha mbele kimekaa kwenye fremu yenye vishikizo vinne, kinaweza kuvaa kitu kingine. Nataka seremala atuchongee ubao wa mninga wenye luva, kama madirisha ya zamani yale, jicho halipiti lakini upepo unapita, nyuma yake tubandike wavu wa mbu wa kushika vumbi, tutakuwa tunautoa na kuufua. Wasweden wa kampuni ya Fractal Design wamefanya karibu na hilo kwenye kesi yao ya North ya 2022, mbele vibao vya mti vimesimama, na kijana asije akaniambia ile haina sura.

Kijana wa Chumbageni

North siipingi, ile kali. Ila mti na unyevu wa hapa, hautavimba ukabana vishikizo?

Fundi, Ngamiani

Utavimba kama ni mbichi. Mninga uliokauka vizuri, uachiwe nafasi ya milimita 2 kila upande. Miguu nayo tutaongeza raba, ipande sentimita 2.

Mzee wa Raskazone

La mwizi hamjanijibu, na dirisha lile la kituo linataka pazia kabla ya kompyuta kuingia, hilo sitaliachia. Ila huo uso wa mninga nataka niuone kwa macho. Mwambie seremala asipake vanishi nzito ikajaza nafasi za luva, na Jumamosi baada ya alasiri njoo na hicho chetezo chako pale kituoni, ufukize mbele yetu sote, cha kioo kwanza halafu cha mti.