Dale (sakafu ya zege) ya veranda imepasuka Panzi, Bukavu: nani alipe matengenezo, mimi au mkandarasi?

MamaNyumba_Panzi

Salamu kwa wajenzi na wenye nyumba wote. Naomba wanaojua beto (zege) wanisaidie kabla sijaketi tena na mkandarasi wangu.

Kiwanja kiko Panzi, kwenye mteremko. Upande wa juu ulichimbwa, udongo ukamwagwa upande wa chini ili tupate uwanja ulio sawa. Veranda na ua wa mbele ni dale moja, mita 6 kwa 5. Kwenye devi (karatasi ya kazi na bei) imeandikwa unene wa sentimita 10. Jointi (mkato wa kuongoza nyufa) hakuna hata moja. Vifaa nilinunua mimi kufuata orodha aliyoandika yeye: mifuko 16 ya simenti ya kilo 50, mchanga wa mto, kokoto za kupondwa kwa mkono, nyavu ya chuma cha milimita 6. Yeye nilimlipa kazi ya mkono. Beto ilimwagwa Agosti, kabla mvua hazijarudi.

Leo kuna nyufa za namna tatu. Wa kwanza ni mrefu, unafuata ukingo wa mteremko kama mita moja na nusu kutoka nje, upana milimita 4, na upande wa nje umeshuka kidogo. Mguu unagota ukipita. Wa pili umeanzia kwenye kona ya nguzo ukaenda mshazari. Wa tatu ni vinyufa vyembamba kama wavu karibu na mlango.

Desemba alikuja akapaka uji wa simenti juu ya ule mrefu. Februari umefunguka palepale. Sasa anasema simenti niliyonunua ilikuwa mbaya, anataka dola 380 za kutengeneza, na anadai pia 10% ya malipo yake niliyoibakiza kama garanti. Mimi nasema atengeneze bure. Mnasemaje?

Injenia_Ibanda

Pole, Mama. Swali lako ni moja lakini nyufa ni tatu, na kila moja ina chanzo chake. Usikubali zitiwe kwenye bei moja, na wewe pia usimdai zote kwa pamoja.

Ule mrefu ndio wenye kesi. Beto yote husinyaa inapokauka, karibu nusu milimita kwa kila mita. Dale ya mita 6 isiyo na jointi inaweza kufupika milimita 3, na zote zikajikusanya kwenye ufa mmoja. Kwa hiyo upana wa milimita 4 peke yake hauthibitishi kitu. Ila kusinyaa hakushushi upande mmoja. Upande wa nje ukiwa chini, udongo ulio chini yake umetitia. Na kwa jinsi ulivyoeleza, ufa umepita hasa pale udongo uliochimbwa unapokutana na udongo uliomwagwa. Simenti mbaya haiwezi kuchagua mstari ule.

Wa kwenye kona ya nguzo ni kosa la kazi ya fundi. Kona inayoingia ndani ya dale huvuta ufa siku zote. Dawa yake ni kutenga nguzo na dale kwa ukanda wa polistireni (povu jeupe jepesi) wa sentimita 1 kabla ya kumwaga, na kuweka vyuma viwili vifupi vya milimita 8 mshazari mbele ya kona. Jointi zilipaswa kukatwa pia: kwa unene wa sentimita 10, kila mita 2.5 hadi 3, kina sentimita 2.5, siku inayofuata kumwaga na si baadaye.

Vinyufa vya mlangoni ni vya ngozi ya juu. Vinatoka kwenye maji mengi, au jua na upepo wa kiangazi kukausha uso saa za kwanza, au fundi kunyunyiza simenti kavu ili alainishe haraka. Havina hatari. Hapo usimvunjishe mtu sakafu.

Sasa fanya vipimo hivi ukiwa naye, na kila mmoja aandike namba zake:

1. Laza rula ya aluminiamu ya mita 2 juu ya ufa mrefu, mahali patatu. Pima mwanya kati ya rula na upande ulioshuka.
2. Gonga dale kwa nyundo ndogo kila nusu mita kuelekea ukingoni. Ikilia kama mtungi mtupu, chini kuna uwazi. Zungushia chaki.
3. Toboa mahali patatu hadi udongo, upime unene. Hesabu ya mifuko yako inanitia shaka. Mita 6 kwa 5 kwa sentimita 10 ni mita 3 za ujazo. Kwa kilo 350 za simenti kila mita ya ujazo, ilihitajika mifuko 21. Kwa 16, ama beto ilikuwa na kilo 267 tu kwa mita, ama dale ina sentimita 7.6. Orodha aliiandika nani? Yeye.
4. Kila upande wa ufa bandika msumari wa chuma kwa resini (gundi ngumu), uache kichwa nje kidogo, upime umbali kati ya misumari kwa kalipa (kipimo cha milimita) mara moja kwa juma. Plasta inayopakwa juu ya ufa kuona kama itakatika ni nzuri ukutani, lakini kwenye veranda iliyo wazi mvua itailainisha. Pima saa ileile asubuhi: dale ya mita 5 ikipata joto la nyuzi 20 zaidi hurefuka karibu milimita 1, na mtu anayepima saa nane mchana ataapa kwamba ufa umeziba.

Kabla hujajua kama ufa bado unatembea, usimruhusu mtu apake kitu. Uji wa simenti ni mgumu na mwembamba, dale ikisogea nusu milimita unakatika. Ndiyo maana Februari umerudi.

Fundi_Kadutu

Nakubaliana na Injenia juu ya chanzo, lakini nitamtetea mwenzangu kidogo, maana mambo haya tunayaona kila kiangazi huku kwetu.

Mama, uliza kwanza kilichofutwa kwenye devi. Kwenye mteremko wa udongo mwekundu wa Bukavu, mkandarasi mwenye akili huandika ukuta wa mawe wa kuzuia udongo. Mwenye kiwanja akiona bei anasema "tutaujenga baadaye". Udongo uliomwagwa ukikosa cha kuuegemea, hata ukiushindilia vizuri, mvua ya miezi tisa itausukuma uende chini. Kama ukuta ulifutwa na wewe, usimtupie mzigo wote.

Pia tazama maji ya paa. Kila milimita ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita 60 likipata mvua ya milimita 30, ni lita 1,800 zinazoanguka kwa mchana mmoja. Kama hakuna mfereji kwenye bati na maji yanadondokea ukingo wa dale, hayo ndiyo yanayochimba chini yake.

Ila hapa namlaumu: fundi anayeona ukuta umefutwa halafu anamwaga beto bila kuandika neno amejifunga mwenyewe. Ilitosha karatasi moja: "Nimemweleza mwenye kazi kwamba bila ukuta dale itapasuka ukingoni, ameomba tuendelee", na sahihi mbili.

Na juu ya simenti mbaya, aonyeshe. Simenti iliyoharibika ina mabonge ambayo hayavunjiki kwa vidole, na fundi huyaona anapofungua mfuko. Aliifungua yeye, akaichanganya yeye, akamwaga. Angekuwa na shaka angekataa palepale.

MamaNyumba_Panzi

Asanteni sana. Tumepima pamoja naye jana, amesaini.

Upande wa nje umeshuka milimita 6, 7 na 9. Unalia mtupu karibu urefu wote wa ukingo, upana kama mita moja. Unene kwenye matundu ni sentimita 8, 7.5 na 8. Nyavu ya chuma imelala chini kabisa, kwenye tundu moja imegusa udongo. Udongo uliojazwa ukingoni una kimo cha mita 1.5.

Fundi_Kadutu umesema kweli, mstari wa ukuta niliufuta mimi kwenye devi, kalamu yangu inaonekana. Lakini mstari unaofuata haukufutwa: "kujaza udongo na kushindilia kwa tabaka", na bei yake nililipa. Mfereji wa paa hakuna.

Mpatanishi_Nguba

Mstari huo wa kushindilia ndio utakaoamua mengi, Mama. Uupige picha leo.

Ibara ya 33 ya Code civil kitabu cha tatu inasema mapatano yaliyofanywa kihalali ni sheria kwa waliopatana. Devi yenye sahihi zenu ndiyo mapatano. Kwa namba ulizoleta, mimi ningegawa hivi:

Unene wa sentimita 8 badala ya 10, nyavu iliyolala chini, jointi ambazo hazipo, ufa wa kwenye nguzo: vyote ni vya mkandarasi. Vifaa kuwa vyako hakubadilishi kitu, kwa sababu idadi ya mifuko aliipanga yeye.

Kushindilia: amelipwa, basi ni yake. Kama anadai alishindilia, mchimbe shimo ukingoni. Udongo ulioshindiliwa kwa tabaka za sentimita 20 hauingii chuma cha milimita 12 kwa kusukuma kwa mkono. Kikizama nusu mita bila nyundo, maneno yamekwisha.

Ukuta na mfereji wa paa: ni vyako. Ulipaswa kuvilipia tangu mwanzo, hata leo utavilipia, vifaa na kazi. Usimwombe akujengee ukuta bure kama adhabu, hapo utapoteza haki yako nyingine.

Vinyufa vya mlangoni: achana navyo.

Ile 10% usiile wala usiitoe sasa. Inakaa mpaka resepsio ya mwisho, yaani siku ya kuipokea kazi rasmi. Mwandikie barua ya ukurasa mmoja: vipimo mlivyosaini, kazi anazotakiwa kufanya, tarehe ya kuanza, tarehe ya kumaliza. Nakala yako aisaini kwamba ameipokea. Akikataa, mpelekee mbele ya chefu wa kata na shahidi mmoja. Wengi hulegea hapo. Asipolegea, njia ni Tribunal de paix, na hakimu atataka kuona karatasi hizohizo, tena kabla dale haijavunjwa. Kwa hiyo hata kama una haraka, usimwite fundi mwingine avunje kabla hali haijaandikwa.

Injenia_Ibanda

Kwa namba hizo kupaka hakufai tena, wala resini haifai. Resini inaunganisha beto iliyotulia. Yako inaning'inia juu ya hewa. Ukingo wa mita 1.5 kwa 6 uvunjwe, na kazi ifuate mpangilio huu, maana ukibadilishwa mtarudi hapa.

Kwanza maji: mfereji kwenye bati na bomba la kuyapeleka hadi kanivo (mtaro wa maji), mbali na ukingo. Pili ukuta wa mawe. Kwa kimo cha mita 1.5, upana wa chini usipungue sentimita 75, msingi ukae kwenye udongo mgumu wa asili na si kwenye uliomwagwa. Weka bomba za PVC za milimita 63 kila mita 1.5, zikiinamia nje, na nyuma yake kokoto, ili maji yasibanwe. Ukuta bila matundu hayo utaanguka wenyewe msimu wa pili.

Tatu, ondoeni udongo wote uliolegea, urudishwe kwa tabaka za sentimita 20, kila moja ishindiliwe kabla ya nyingine kuwekwa. Unyevu mnaupima kwa mkono: ukifinya udongo unashikana, ukiubonyeza kwa kidole unakatika vipande viwili. Ukipakaza kiganja una maji mengi, subirini ukauke. Kazi hii ni ya Juni hadi Agosti, si ya Novemba. Juu yake mawe na kokoto sentimita 15, halafu plastiki.

Nne, beto ya sentimita 10. Kwa mita 9 za mraba ni ujazo wa 0.9. Nunueni mifuko 7, maana hesabu ya kilo 350 inatoa 6.3. Kwa brueti (toroli) ya lita 60: mchanga brueti 6, kokoto brueti 12. Kila mfuko upate brueti moja ya mchanga, mbili za kokoto, na maji yasizidi lita 25, yaani bidoni ya lita 20 moja na robo. Mchanga ukiwa na unyevu, punguza. Nyavu ikae juu ya vitofali vya beto, theluthi ya juu ya unene, na mafundi wasiikanyage wakimwaga. Mteremko sentimita 1.5 kwa kila mita kuelekea nje. Funika kwa magunia yaliyolowa siku 7.

Fundi_Kadutu

Niongeze moja kwa Injenia. Mahali dale mpya inapokutana na ya zamani, msizishikanishe kwa uji wa simenti. Kateni ukingo wa zamani uwe wima, wekeni ukanda wa polistireni wa sentimita 1, mwage. Baadaye ondoeni sentimita 1.5 ya juu ya ule ukanda, safisheni vumbi, jazeni mastiki ya poliuretani (gundi laini inayonyumbulika). Ya zamani imekwisha kusinyaa, mpya ndiyo inaanza, hivyo mastiki isubiri siku 28 za beto mpya, na iwekwe siku ambayo pande zote mbili ni kavu.

Na jambo la bei, Mama: dola 380 alizoomba zilikuwa za kupaka. Mwambie alete devi mpya yenye safu mbili, kazi zake na kazi zako, kila kitu na kipimo chake. Akiandika "matengenezo ya veranda" kwa mstari mmoja, mrudishie.