Naomba ushauri: ni sawa kuwaomba hela wenzangu wa bao?

Namua Taratibu:
Salaam wakuu. Uzi ni mrefu kidogo, mnivumilie.

Mimi ni mcheza bao. Si lile la kujifunza la kete mbili mbili kila shimo, nazungumzia bao lenyewe, la kiswahili, kete 22 mkononi na sita zimekaa nyumbani, yaani lile shimo kuu la kila mchezaji. Huu mwaka wa 11 nacheza kijiwe kimoja huku Temeke. Siku za kazi tunaanza baada ya alasiri mpaka adhana ya magharibi, Jumapili tunacheza mpaka mtu awashe tochi ya simu. Kijiweni tupo kama 30. Kwenye grupu la WhatsApp tupo 74, maana wameingia watu wa Tanga, Unguja, na wawili watatu walioko Muscat. Kazi ya grupu ni moja tu: mtu anapiga picha ubao, anauliza "hapa ungekula wapi?", basi tunabishana mpaka saa sita usiku.

Shida yangu ni kodi. Mwenye nyumba anataka miezi 6 kwa mkupuo, kama mnavyowajua. Chumba na sebule 120,000 kwa mwezi, jumla 720,000. Nilishaweka 400,000. Mtoto akalazwa, 250,000 ikaenda. Nimebaki na 150,000, na siku ya mwisho ni tarehe 30.

Mke wangu kanipigia hesabu jikoni huku anachambua mchele: "Hao watu unaokesha nao wako zaidi ya sabini. Kila mmoja akitoa elfu nane umemaliza, na chenji inabaki." Kwa hesabu hana kosa. Ujumbe nimeuandika mara nne, mara zote nne nimeufuta.

Kinachonikwamisha ni hiki. Mwaka juzi mwenzetu mmoja alitukusanya 15,000 kila kichwa ya fulana, eti twende Lamu kwenye mashindano ya bao wakati wa tamasha lao la utamaduni tukiwa tumevaa sare. Fulana hatujaziona, na yeye hatujamuona. Toka hapo mtu akitaja hela kwenye grupu, hata wale wanaoandika "amina" kila saa wanapotea.

Jambo la pili, wengi wao hawajui jina langu la ukoo. Wananijua ninavyonamua, yaani ninavyoingiza kete za mkononi ubaoni, wanajua nikibanwa najikuna sikio. Hiyo inatosha kumuomba mtu hela?

Nawasilisha.

Kahawa Chungu:
Pole kwa mtoto. Jibu langu fupi: usithubutu.

Mtu mzima wa mji huu anaombwa hela kila anapogeuka. Kazini kuna kadi ya send-off, mtaani kuna mchango wa barabara, ukoo una grupu lake la michango, mke ana ndugu zake. Pale kwenye mkeka chini ya mti ndipo pekee anapokaa saa mbili hajaombwa kitu. Ukipeleka kodi yako pale, utakuwa umempa sababu ya kubaki nyumbani.

Bint Tandika:
Kahawa Chungu, una roho ngumu wewe. Marehemu baba yangu alikuwa mtu wa bao. Siku aliyofariki, waliofika mwanzo na kufunga turubai ni wazee wa bao. Ukoo ulikuwa bado unabishana nani aitwe kwanza. Walileta rambirambi kwenye bahasha ya kaki, haina hata jina juu. Leo unasema watu hao hao ukiwaambia una shida ya kodi watakukimbia?

Kahawa Chungu:
Dada, msiba hauombwi. Watu wanajiongeza wenyewe. Kodi inarudi baada ya miezi 6, na mimi nitaikumbuka sura yako kila nikiona mwezi wa sita umekaribia.

Chawa wa Kijiwe:
Mkuu weka namba. Au niandike kabisa: "Ile hela itume kwenye namba hii, jina litakuja tofauti" 😂

Namua Taratibu:
Chawa umenichekesha, ila ndicho ninachokiogopa. Simu za watu zinaibwa, WhatsApp zinadukuliwa, kila siku mtu anaombwa hela na rafiki ambaye si rafiki. Nikiandika mimi, nusu watadhani ni tapeli, na nusu iliyobaki itaomba Mungu niwe tapeli kweli ili wasijibu.

Komwe la Pwani:
Salamu kutoka Mombasa. Hapa kwetu kuchangiana si ajabu, tumekulia kwenye harambee. Ila nikueleze kilichotokea kwenye grupu letu, si la bao, ni la wafuga njiwa.

Mwenzetu alihitaji hela ya hospitali. Msimamizi akaanzisha orodha, ile ya kunakili na kuongeza jina lako: moja fulani 500, mbili fulani 1,000, tatu fulani 500. Orodha ikawa inashuka, kila mtu anaisoma kuanzia juu. Kulikuwa na kijana mmoja, fundi baiskeli, ndiye aliyekuwa akituonyesha namna ya kuwatibu njiwa wakivimba koo. Hakuwa na 500. Alikaa kimya siku mbili, ya tatu nikaona "ametoka kwenye grupu". Hela zilipatikana, mgonjwa alipona, alhamdulillahi. Huyo kijana hajarudi hadi leo, na ndiye tuliyemhitaji kuliko wote. Kwa hiyo ukiomba, omba. Orodha usiweke.

Dogo Mtaji:
Kwani wakuu mnazunguka nini? Pakua programu ya mkopo, dakika tano hela ipo kwenye simu. Hakuna kumpigia mtu magoti.

Mhasibu Mstaafu:
Dogo, kaa chini. Programu hizo nyingi ni kausha damu. Kabla ya kukupa chochote inaomba ruhusa ya kusoma majina yote kwenye simu yako. Siku ukichelewa, inawaandikia wote: "Mwambie fulani alipe deni, ni mwizi." Mpwa wangu ilimfika, mpaka mchungaji wake alipata ujumbe. Mwaka 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ndefu ya programu zisizo na leseni, kaisome kabla hujapakua. Kwa njia hiyo hao 73 watasumbuliwa vilevile, tena na mtu asiye na adabu.

Sasa Namua, mdogo wangu, nikupe langu. Na mimi ni mtu wa bao, wa Magomeni.

Kuna mwenzangu nilimkopesha 20,000. Hakuniomba mbele ya watu, alinivuta pembeni, nikampa. Tarehe ikapita. Sikumdai, nilikuwa nimeshaisahau kabisa. Ila nikaona mchezo wake umebadilika. Huyu bwana kwenye namua alikuwa ananikaba, simpiti hivi hivi. Ghafla akawa anaiacha nyumba yake wazi. Kete nane, tisa zimejaa mle, nami nimekaa mkabala nazo na ninaweza kuzila, yeye anakwenda kutakata, kusambaza kete bila kula, upande wa pili kana kwamba haoni. Nikaila. Mara ya kwanza nikafurahi. Mara ya pili nikamtazama usoni, akainamia ubao. Mara ya tatu nikajua ananilipa. Kila nyumba niliyokula ilikuwa riba.

Nikamwambia pale pale, "Ile hela nimekusamehe, nifunge." Ikawa mbaya zaidi, alikasirika, wiki mbili hakuja.

Kwa hiyo msimfikirie mwenye kutoa peke yake. Aliyeomba naye anakaa vibaya kwenye mkeka.

Bint Tandika:
Hii ya kuachia nyumba imenigusa. Lakini mzee wangu, wewe ulikosea ulipomsamehe mbele ya ubao. Ungengoja mkiwa mnakunywa kahawa.

Mhasibu Mstaafu:
Kweli mwanangu. Nilikosea.

Kobazi la Babu:
Mnajibu kwa haraka, hakuna aliyemuuliza kama amekwenda kwa mwenye nyumba. Anza hapo. Nenda asubuhi, si jioni akiwa amechoka, na uende na hiyo 150,000 mfukoni usimuonyeshe mpaka mmeelewana. Mwambie miezi mitatu. Atakataa, atasema minne.

Ukishajua pengo lako ni kiasi gani, chagua mtu mmoja. Si grupu. Mtu ambaye akikwambia hapana, kesho utakaa naye ubao mmoja bila kinyongo, na ambaye hela hiyo ikichelewa hatalala njaa. Mwendee kwake. Mwambie ni mkopo au ni msaada, usimwachie akisie. Watu wengi wanaharibu hapo: anasema "naomba unisaidie", mwenzie anaelewa kakopesha, yeye anaelewa kapewa. Taja kiasi, taja tarehe, mwandikie karatasi hata kama hataki.

Grupu lina ubaya mmoja. Mtu mmoja anaweza kukukatalia kwa heshima. Watu 73 hawawezi, watanyamaza tu, na utaanza kuhesabu tiki za bluu.

Seremala wa Yombo:
Namua, si wewe unayechonga mabao? Kama ni wewe, ubao mmoja wako niliuona msibani Mbagala, mninga, mashimo yamekaa sawa utadhani yametolewa na mashine.

Namua Taratibu:
Ndiyo mimi mkuu. Kazi yangu ni ya milango na madirisha, mabao nachonga kwa vipande vinavyobaki. Ubao wa kijiwe chetu nilichonga mwenyewe, jioni za wiki tatu, mashimo 32 kwa patasi na msasa. Na ubao wowote ukipasuka wananiletea. Sijawahi kumtoza mtu.

Dogo Mtaji:
Sasa si wao wanaokudai, wewe ndiye unayewadai! Miaka 11 unawachongea bure! Waambie watoe!

Seremala wa Yombo:
Hapana Dogo. Ulichotoa bure usikirudishie bei leo kwa sababu umekwama. Akifanya hivyo, kila mtu atajiuliza alichopewa nacho kama kina ankara inakuja. Ila kuanzia kesho anaweza kuuza. Mafundi wengi tunalala njaa kwa sababu ya kitu tunachokiita starehe wakati ni ufundi. Mkuu, mtu akitaka ubao mpya mtajie bei bila kuinamisha macho. Kumuuzia mwenzako wa bao kitu kizuri si kumuomba.

Kahawa Chungu:
Hapo nakubali. Kuuza sawa. Ila asianze kubandika matangazo kwenye grupu kila asubuhi.

Namua Taratibu:
Wakuu, narudi na mrejesho baada ya siku tisa.

Nilikwenda kwa mwenye nyumba asubuhi kama Kobazi alivyosema. Nikaomba mitatu, akasema minne, neno kwa neno. Kwa hiyo 480,000. Nilikuwa na 150,000, pengo 330,000.

Kijiweni kwetu kuna mzee mmoja, aliwahi kuwa nahodha wa jahazi. Nikamwendea nyumbani kwake baada ya alfajiri. Njia nzima nilikuwa nasema maneno moyoni, nilipofika yakapotea yote, nikabaki nasifia mwembe wake. Yeye ndiye aliyeniuliza, "Umekuja kuniomba hela au kuniomba binti?" Nikamwambia ni mkopo, 200,000, tarehe 15 ya mwezi wa tatu kutoka sasa. Akaingia ndani akatoka nazo. Karatasi akaichukua, akaikunja nne, akaiweka kwenye kofia yake.

Jioni nikaenda kijiweni nimejaa hofu ya ile hadithi ya Mhasibu. Nikajiapiza sitamwachia kitu. Wala sikupata nafasi ya kumwachia: alinifunga mkononi, sijamaliza hata kuweka kete zangu zote, watu wakapiga kelele mpaka muuza kashata akaja kutazama. Nimecheza bao miaka yote hii sijafurahi kufungwa kama siku ile.

Kuna mwenzetu wa Muscat alikuwa ananiomba ubao miaka miwili, nami namjibu "tutaona". Nilimwandikia peke yake: mninga, 180,000, nusu kwanza. Alijibu kwa sauti, anacheka, "Kumbe siku zote ulikuwa unangoja nitajiwe bei?" 90,000 ikaingia. 40,000 iliyobaki mke wangu kaitoa kwenye mchezo wao wa kijumbe, na kaniambia kila siku tangu hapo kwamba angenitoa mapema kama ningemuuliza yeye kwanza.

Kwenye grupu sikuandika chochote.

Komwe la Pwani:
Alhamdulillahi. Mke umemkuta na hela, hongera.

Kahawa Chungu:
Mimi bado nasema hata mzee hukupaswa kumuomba. Ila nimefurahi umepata.

Mhasibu Mstaafu:
Tarehe 15 ikifika mpelekee kwake, usimpe kijiweni.

Bint Tandika:
Kaka, na mimi nataka ubao, ni wa kumkumbuka baba. 180,000 ndiyo bei ya wote au ya watu wa Muscat?

Namua Taratibu:
Kwako 150,000, dada. Nyumba nitaichonga ya mraba kama wazee wanavyopenda. Kete utafute mwenyewe, komwe sina.