Ukuta wa uani: rangi inabanduka chini, nifanyeje?

Mpangaji_Chang'ombe: Wakuu, uani kwetu Dodoma tunachangia bomba, kamba za nguo na ukuta wa tofali za saruji. Vijana wamechora mbuyu na akina mama wa Kigogo wakipiga ngoma za muheme. Watoto sasa wanashinda humo humo! Ila chini rangi inabanduka kama ganda la muhogo. Mwenye nyumba karidhia, brashi hajanunua.

Fundi_Rangi: Mkuu, unyevu unapanda kutoka ardhini na kuacha chumvi. Rangi ya mafuta inaufungia ndani. Kwangueni, msugue kwa brashi ya waya, subirini kiangazi ukauke. Chini pakeni chokaa tupu, juu rangi ya maji. Ndoo za maji zikae mbali na ukuta.

Mrangi_wa_Kondoa: Michoro ya kale ya miambani kwetu Kolo, Kondoa, iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO 2006, mingi ni myekundu, na miamba imeinama juu yake kama paa. Nyekundu ya udongo wenye chuma haipaukii juani hovyo. Wekeni na bati la kukinga mvua.

Mpangaji_Chang'ombe: Shukrani. Bati lipo. Sasa bibi wa chumba cha mwisho anataka jogoo wake achorwe, na jogoo mwenyewe hatulii.

Fundi_Rangi: Mchoreni usiku akilala 😂