Msumeno wa kukatia mifupa kwa jiko dogo la mkahawa: wa mkono au wa umeme?

Mpishi_Chake
Assalaam alaykum jamaa zangu. Mkahawa uko Chake Chake, meza nane. Kwa siku inapita nyama ya mifupa kilo 20 hadi 25: mbuzi wa pilau na mchuzi, muundi na makongoro ya supa, Ijumaa mbavu za kuchoma. Mifupa inakatwa kwa shoka juu ya gogo, na vibanzi vinaingia kwenye supa. Jiko ni mita tatu kwa nne, umeme wa faza moja, na jioni taa zinafifia. Nichukue msumeno wa mkono au ile mashine ndogo ya mezani? Na nitizame nini kabla sijatoa pesa?

Bucha_Darajani
Waalaykum salaam. Kwa kilo hizo chukua wa mkono, tena ulio mzuri, na pesa itakayobaki nunua bledi za akiba. Shoka linavunja mfupa, halikati, ndiyo maana vibanzi haviishi hata mkataji awe hodari vipi.

Bledi ya sentimita 45 hadi 50 ndiyo ya jikoni. Ikiwa fupi sana unasugua tu, muundi wa ng'ombe unakumaliza mkono. Zile za 60 na zaidi ni za kupasulia ng'ombe aliyetundikwa, kwenye jiko lako zitagonga ukuta. Meno yawe 10 au 11 kwa inchi. Usidanganyike na msumeno wa chuma wa fundi bomba: meno yake ni madogo mno, shahamu inayajaza mara moja na bledi inateleza tu juu ya mfupa. Wa mbao nao meno yake yametanuliwa pande mbili, unachana nyama na kutoa unga mwingi.

Fremu iwe ya stenlesi, isiyopakwa rangi, maana rangi inabanduka na kuangukia nyamani. Kama ni ya bomba, tizama ncha zimezibwa. Maji yakiingia ndani hayatoki, na harufu utaisikia baada ya wiki. Mpini wa plastiki, si wa mbao. Kisha muulize muuzaji akutolee bledi ya akiba uione kwa macho. Kama hana, usinunue msumeno huo hata kwa bei ya kutupa.

Ukifunga bledi, meno yatizame mbele, mbali na mpini, kwa sababu unakata unaposukuma. Kaza mpaka ukiidonoa kwa kidole inalia na haipindi ubavuni. Iliyolegea inakwenda mshazari, mkataji anaipindua ili airudishe, na inakatikia pale penye tundu la pini.

Kinachokosewa na wengi ni kupitisha msumeno kwenye nyama. Kata nyama kwa kisu kuzunguka mfupa mpaka ufike kwenye mfupa wenyewe, isogeze kando, ndipo uingize msumeno. Anza kwa kuvuta taratibu mara mbili tatu upate njia, halafu sukuma kwa urefu wote wa bledi bila kukandamiza. Mfupa ukikaribia kuachana punguza nguvu, umalizie kwa kisu. Nyama iwe imetoka kwenye friji, baridi na ngumu kidogo. Ya vuguvugu inang'ang'ania bledi.

Fundi_Amani
Nakubaliana na Bucha kwa kilo 25. Lakini kama mnataka kukata nyama au nguru waliogandishwa, mkono hautoshi, hapo mashine ina haki yake.

Soma kibao cha mota kwanza. Umeme wetu ni volti 230, mizunguko 50 kwa sekunde (Hz). Mashine za mtumba nyengine ni za volti 110, ukichomeka moja kwa moja mota inaungua. Ya mezani mara nyingi ni wati 750 hadi 1,100, lakini wakati wa kuwaka inavuta mara tano au zaidi ya mkondo wake wa kawaida. Taa zinazofifia jioni maana yake volti inashuka. Mota inapata shida kuanza, inapata moto, na bledi inakwama katikati ya mfupa. Isichomekwe kwenye ekstensheni nyembamba. Ivutiwe waya wake wenyewe wa milimita 2.5 za mraba, wenye arthi, na breka ya kukata umeme unapovuja, kwa kuwa sakafu ya jiko ni ya maji.

Bledi za mashine hizi ni mkanda unaozunguka, na zina urefu tofauti, 1,650 mm ni saizi moja ya kawaida. Chukua urefu unaopatikana Unguja, upana milimita 16, meno 4 kwa inchi. Mlango ukifunguliwa mashine izime yenyewe. Kibao cha kusukumia nyama kiwepo, na kitumike. Glavu za chuma msivae kwenye mashine hii: meno yakinasa glavu yanavuta mkono mzima. Mfupa wa mviringo, kama muundi, unabingirika ukiguswa na bledi, basi uegemezwe vizuri kabla haujafika kwenye meno.

Mpishi_Chake
Ahsanteni sana. Basi ni wa mkono. Makongoro je? Yanateleza vibaya. Na kutu nitaizuiaje, tuko karibu na bahari?

Jiko_la_Wete
Kongoro ndugu yangu lina maungo, tafuta kiungo kwa ncha ya kisu na vipande vingi vitaachana bila msumeno. Ubaki na mfupa mrefu tu. Ukaushe, ushike kwa tambara kavu, na chini ya ubao tandika kitambaa kibichi ubao usitembee. Unga wa mfupa ukwangue kwa mgongo wa kisu kila kipande, maana ukikauka juu ya nyama ya kuchoma unakuwa kama mchanga mdomoni.

Kusafisha: fungua bledi kila siku, usioshe ikiwa kwenye fremu. Maji baridi kwanza, ya moto yanaigandisha damu kwenye meno. Kisha maji moto, sabuni na burashi, kufuata upande meno yanakoelekea. Dawa ya klorini ya asilimia 3.5, kijiko kimoja cha chai kwa lita moja ya maji, dakika mbili, kisha suuza sana. Ikikaa inakula hata stenlesi. Pangusa papo hapo, usiache ikauke yenyewe kwa upepo wetu huu wa chumvi. Paka mafuta ya mashine za chakula, kidogo tu. Mafuta ya kupikia yananata na kuvunda.

Kama mtakata na samaki, wekeni bledi yake mbali, na alama kwenye ncha.