Mchuzi wa nyama ya kusaga na mboga: kukaanga kwanza, kuchemsha moja kwa moja, au sufuria ya presha?

Jungu Jipya (mwanzisha mada)
Ndugu wanajukwaa, salaam. Naomba tulinganishe njia tatu za kupika mchuzi mzito wa nyama ya ng'ombe ya kusaga pamoja na viazi, karoti na njegere, yaani chakula kile ambacho mtu hukitamani akirudi nyumbani amechoka na nje kuna baridi. Ya kwanza ni kukaanga nyama kabla ya kutia maji, ya pili ni kuivurugia majini ikiwa mbichi, na ya tatu ni sufuria ya presha. Nataka rojo lililokolea na nyama iliyo laini. Muda si tatizo kubwa kwangu.

Mwiko Mrefu
Mimi niko upande wa kukaanga. Katika sufuria ya kawaida maji hayapiti nyuzi joto 100, ilhali ladha ya nyama iliyokaangika hujengeka kwa nguvu karibu na nyuzi 140, kwa hiyo nyama inayoiva ndani ya maji yake yenyewe hugeuka kijivu, na ladha hiyo hutaipata hata ukiipika saa nzima. Tumia sufuria pana, iache ishike moto sawasawa, tandaza nyama, kisha usiiguse kwa dakika nne au tano. Sikiliza: mwanzoni utasikia maji yakitokota, na yakishakauka utaanza mlio mkavu wa mafuta. Hapo ndipo kitunguu kinapoingia, na unyevu wake utabandua ukoko ulioshika chini. Ukoko huo ndio rangi ya rojo lako, tafadhali usiupoteze.

Rojo Zito
Nakubaliana na Mwiko Mrefu kuhusu ladha, ila simfuati hadi mwisho. Nyama ya kusaga ikikaushwa yote huwa chembe ngumu kama changarawe, na mchuzi hauilainishi tena kirahisi, kwa sababu maji yaliyokwisha kubanwa nje hayarudi ndani. Kwa nusu kilo, mimi hukaanga theluthi moja tu mpaka iwe kahawia iliyokolea, nikaunga kitunguu na kitunguu saumu, ndipo nikatia nyama iliyobaki na kuivunjavunja kwa mwiko hadi wekundu upotee. Theluthi ile inatosha kuupa mchuzi wote ladha, na iliyobaki inabaki laini. Chagua pia nyama yenye mafuta ya asilimia 15 hadi 20. Yakizidi juu ya mchuzi, utayaengua kwa kijiko.

Karoti Mbili
Njia ya pili isidharauliwe. Nyama mbichi ikikorogwa katika maji ya baridi kabla ya kubandikwa jikoni huachana vizuri, haifanyi madonge, na mtoto mdogo au mzee asiye na meno huila bila shida. Ladha yake ni ya upole, hilo sibishi.

Moto Mdogo
Kuhusu presha, joto lake hufika karibu nyuzi 120, na hilo lina faida kubwa kwa nyama ya mifupa na mishipa. Nyama ya kusaga imekwisha kukatwakatwa na mashine, na dakika 30 hadi 40 za moto mdogo zinaitosha, huku ndani ya presha karoti zikivurugika na njegere zikipoteza rangi. Sioni sababu ya kuitumia hapa.

Jungu Jipya
Ahsanteni sana. Nina swali moja: kwa nini viazi hubaki vigumu katikati, ingawa karoti zimekwisha kuiva?

Rojo Zito
Bila shaka nyanya zilitangulia. Uchachu wake huzuia viazi kulainika, kwa hiyo vichemke kwanza pamoja na karoti katika mchuzi wa nyama, na nyanya zifuate vinapokaribia kuiva. Njegere zingoje dakika tano za mwisho. Rojo likiwa jepesi usikimbilie unga: ponda vipande vichache vya viazi kwenye ukingo wa sufuria, ukoroge.

Moto Mdogo
Niongeze la usalama. Kusaga huchanganya vijidudu vya juu ya nyama hadi ndani, kwa hiyo hakikisha nyama yote imefika nyuzi 71, kwa njia yoyote utakayoichagua. Mchuzi uliobaki uingie kwenye friji ndani ya saa mbili na uliwe ndani ya siku tatu au nne. Ukitaka kuugandisha kwenye friza, toa viazi kwanza, maana vikiyeyuka huwa na maji na chengachenga. Utachemsha vipya siku ya kuupasha.

Jungu Jipya
Nimeamua kufuata mgawanyo wa theluthi, na nyanya nitaziweka mwishoni.