Mwalimu anataka tuache Kiamu nyumbani tuongee Kizungu na mtoto, nifanyeje?

mama_langoni (Lamu)
Asalaam aleykum wenzangu, naomba ushauri. Mwanangu yuko gredi ya 4, juzi nikaitwa shuleni naambiwa Kizungu chake kiko chini na sababu ni sisi, ati tuache Kiamu, Kiswahili chetu cha huku Lamu, tuongee Kizungu tu nyumbani. Sasa mimi naishi na mamangu hajui hata neno, na changu ni cha kuombea maji, nimejaribu wiki mbili kila nikifika katikati nakwama namaliza kwa mikono. Jana mamangu kamwita "ndoo ule", yaani njoo ule, mtoto kamjibu kwa Kizungu, mamangu kanyamaza akarudi jikoni na sahani yake. Imeniuma sana. Nimfuate huyu mwalimu?

ticha_visiwani
Wa aleykum salaam dada. Nafundisha huku Pate, wengi darasani kwangu ni Wabajuni. Shida si nyumbani kwako, ni hio gredi ya 4 yenyewe. Gredi ya 1 mpaka 3 sera inasema mtoto afundishwe kwa lugha ya pale anapoishi, mambo ya tangu ile ripoti ya elimu ya Gachathi 1976, halafu akiingia ya 4 sayansi Kizungu hesabu Kizungu, kila kitu kasoro Kiswahili, kwa mpigo mmoja. Mimi nikisoma swali la hesabu kwa Kiswahili mikono yote juu, swali lilo hilo kwa Kizungu kimya. Sasa hapo Kiamu kimekosa nini? Kulaumu lugha ya nyumbani ndio kule kule kwa kuvishana diski zamani, kile kibao cha aibu alichovishwa mtoto akiongea lugha ya kwao shuleni. Na usiongee naye Kizungu cha kubahatisha manake atakishika hivo hivo. Mpe kitabu cha hadithi cha Kizungu, kila usiku asome kurasa mbili kwa sauti kisha akusimulie kwa Kiamu, akishindwa kusimulia ujue hakuelewa, mrudie pole pole.

kaka_wa_malindi
Dada mie Mgiriama, nyumbani Kigiriama, mtaani Kiswahili, na bichi nikashika Kitaliano bila kitabu kwa vile Wataliano nilikuwa naongea nao kila siku na nikikosea hakuna anayenicheka. Kizungu nimesoma mpaka fomu foo na kukiongea nilikuwa naogopa, darasani ukiteleza wanakuangukia wote. Mtafutie mtu wa kuongea naye bila kumcheka, hata binamu yake mkubwa.

mama_langoni (Lamu)
Shukran sana nyote. Ticha, na kwenye insha ya Kiswahili kapigiwa mstari mwekundu "mato" na "ndia", hizo nazo nimkataze?

ticha_visiwani
La dada usimkataze. Mwambie kwa mtihani ni macho na njia, kwa nyanyake ni mato na ndia. Ataweza, wangu darasani wanasema hivi, wakifika gatini wanageuza wenyewe. Na usiku wa leo mtume kwa nyanyake akamuombe hadithi.